VYUMA VIKUUKUU NA RIZIKI YA WATU WETU WA MTONI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Visiwani wakaao Mtoni, Temeke)



Katibu wa tawi aliponiandikia kunitaka nije kuzungumza nanyi alinipa khiari ya jambo la kulisema. Nimechagua vyuma vikuukuu, yaani hivyo ambavyo hapa mjini huitwa skrepa, kwa kuwa wanachama wengi wa tawi hili wanaishi kwa kazi hiyo. Wako wanaosukuma mkokoteni, wako wenye guta, wako wenye mizani na uwa wa mabati, na wako mafundi wanaofungua redio na televisheni zilizokufa ili wapate bodi, sumaku na waya. Katika mikutano yetu huzungumzwa karafuu, bandari na daftari la wapigakura. Kazi hii haizungumzwi, na nachelea kuwa haizungumzwi kwa sababu inachafua mikono.

Mtoni hii si ile ya Unguja alikozaliwa Bibi Salme mwaka 1844 katika jumba la baba yake. Hii ni Mtoni ya barabara ya Kilwa, jirani na mto Kizinga ambao maji yake Dar es Salaam inayanywa tangu zama za Mwingereza. Na ni mtaa uliopata kubebeshwa taka za mji mzima. Wakaazi wa Tabata walikwenda Mahkama Kuu kulishitakia jaa lililowafukiza moshi, na mwaka 1988 wakapata haki yao. Kwa hukumu ile taka zilihama, ila hazikutoweka: magari yaliendea Vingunguti, kisha yakaja hapa Mtoni, na mwishowe yakapelekwa Pugu Kinyamwezi. Jaa la Mtoni lilipofungwa yakatiwa mabomba ya kukusanya hewa ya taka ili itoe umeme, mradi ulioandikishwa mwaka 2007 chini ya Mkataba wa Kyoto. Tafakarini basi: hewa ya taka ilipata karatasi za kimataifa kabla ya mwokotaji kupata kitambulisho cha kazi yake.

Asidhani mtu kuwa biashara hii ni ngeni kwetu Visiwani. Manowari Glasgow ya Sultani ilizamishwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, na milingoti yake ikabaki imechomoza majini mbele ya mji mpaka mwaka 1912, ndipo ilipokuja kampuni kuivunjavunja. Hata kushindwa kwetu kulimpata mnunuzi.

Sasa tutazame vitu hivi vinatoka wapi. Unguja ilikuwa na televisheni ya rangi katika miaka ya sabini, wakati ambapo Bara haikuwa na kituo hata kimoja mpaka mwaka 1994. Tangu hapo Darajani haikukosa televisheni, mafriji na mafeni, mapya na yaliyotumika, kutoka Dubai na Ulaya. Kisha ikaja dhiki ya umeme: kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja nzima ilikaa gizani miezi mitatu, na kila aliyekuwa na uwezo alinunua jenereta. Majenereta hayo yako wapi leo? Mengi yameshapita juu ya mizani. Na mwisho wa mwaka 2012 mitambo ya zamani ya kurushia televisheni ilipozimwa hapa Dar es Salaam, masanduku yale mazito ya kioo yalianza kutolewa nje, na katika kioo cha kila moja mna risasi.

Hapa niseme jambo ambalo kila msafiri wa boti analijua. Kwa miaka mingi watu wetu wamelalamika kuwa mtu akinunua televisheni Unguja, akalipa ushuru wake, akifika nayo bandari ya Dar es Salaam hutakiwa alipe tena. Lakini televisheni hiyo hiyo ikifa, ikavunjwa, ikatiwa katika gunia, huvuka kama mzigo wa chuma na hana mtu haja ya kumuuliza mwenyewe. Kitu kikiwa kizima sisi ni wageni. Kikiwa taka sisi ni ndugu.

Na sheria zenyewe zimegawanyika vivyo hivyo. Mazingira si jambo la Muungano. NEMC haina amri Unguja wala Pemba. Huko iko ZEMA, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2015. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuingia mwaka 1993, unataka taka za khatari zisivuke kutoka nchi moja kwenda nyengine bila ya ruhusa, na tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za vyombo vya umeme zimeingizwa katika sharti hilo. Lakini mkataba huo unauliza juu ya mipaka ya nchi. Hauulizi kitu taka zikivuka mkondo wa Zanzibar. Shehena ya betri kuukuu ikitoka Malindi kuja huku, yupi kati ya wakubwa hawa wawili atakayesema ni yake? Swali hili ndilo ninalotaka viongozi wetu walipeleke mbele, na walipeleke kwa maandishi.

Ulimwengu mzima umeshindwa na jambo hili. Mwaka 2022 zilitupwa tani milioni 62 za vyombo vya umeme duniani, na zilizokusanywa na kufuliwa upya kwa njia iliyoandikwa hazikufika robo. Zilizobaki hazikwenda mbinguni. Sehemu yake huokotwa na watu kama nyinyi, ambao hawamo katika hesabu yoyote.

Nije kwenye bei. Bei ya shaba haipangwi Mtoni wala Gerezani. Hupangwa London katika soko la madini. Mwezi wa Mei 2021 tani moja ilipita dola 10,000. Aliyekuwa akisukuma mkokoteni siku hizo na aseme mwenyewe kama alizisikia dola hizo. Mchukuzi humuuzia mwenye mizani, mwenye mizani humuuzia mwenye ghala, mwenye ghala hupakia kontena kwenda ng'ambo, na kila mkono hukata chake. Chuma cha kawaida kina njia nyengine: huyeyushwa na viwanda vya nondo hapa hapa nchini. Chuma cha mlima wa Liganga kinazungumzwa kwa miongo mingi, na katika muda wote huo viwanda vyetu vimekula kile kinachookotwa. Kwa hivyo mgodi wa chuma wa nchi hii, kwa sehemu kubwa, umekuwa ni mkokoteni.

Juu ya mizani sitaki kusema mengi, kwani mnajua kuliko mimi. Wakala wa Vipimo wanatakiwa kuikagua na kuipiga chapa kila mwaka. Mchukuzi ana haki ya kuitaka aione chapa hiyo kabla hajashusha mzigo. Lakini na sisi tusipakie michanga ndani ya mabomba kisha tukalia kwamba tumedhulumiwa.

Kuna neno chungu zaidi. Wachukuzi huitwa wezi, na polisi huwakamata kwa fungu, mwenye kosa na asiye na kosa. Dhuluma hiyo ni kweli. Ni kweli pia kuwa nyaya za umeme hukatwa, vyuma vya reli hufunguliwa, na alama za barabarani hung'olewa, na mali hizo haziliwi; zinapimwa mahali fulani. Kenya, baada ya nguzo za umeme kuharibiwa na nchi kuingia gizani, Rais Uhuru Kenyatta aliipiga marufuku biashara yote ya vyuma vikuukuu mwezi Januari 2022, na haikufunguliwa mpaka Mei. Zaidi ya miezi mitatu wachukuzi waadilifu walikaa na njaa kwa ajili ya wachache. Yakitufika hayo hapa, wenye maghala watasubiri. Mwenye mkokoteni hana cha kusubiria. Basi anayenunua waya wa umma katika uwa wake, hata akiwa mwanachama, hata akiwa mtoa michango mkubwa, tawi lisimfiche.

Nimeliweka mwisho lile linalonikosesha usingizi, nalo ni betri. Betri ya gari, zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Shaba haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 1,080 za moto. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, na ndiyo maana kijana huweza kuiyeyusha katika karai juu ya mkaa, uwani, ilhali mama anapika pembeni na watoto wanacheza. Wepesi huo ndio unaoua. Vumbi lake na moshi wake huingia mwilini na kukaa katika mifupa miaka mingi. Mama mja mzito humpa aliye tumboni. Baba hulirudisha nyumbani katika kanzu na viatu. Mtoto huipokea zaidi kuliko mtu mzima, na kinachoharibika katika akili yake hakirudi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kijulikanacho kuwa ni salama. Tindikali nayo humwagwa mchangani, na mchanga wa Mtoni unateremka Kizinga.

Kama kuna asiyeamini, aende Mombasa, Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi ubavuni mwa kijiji hicho baina ya mwaka 2007 na 2014. Bibi Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho hicho, aligundua kuwa mtoto wake mchanga ana risasi katika damu, akaacha kazi, akawakusanya majirani. Mwaka 2015 alipewa tunzo ya Goldman, lakini tunzo haitibu. Mwaka 2020 mahkama ya Mombasa iliamuru wanakijiji walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahkama ya Rufaa ikaitengua hukumu, na Disemba 2024 Mahkama ya Juu ikairudisha. Kiwanda kilikuwa kimeshafungwa miaka kumi.

Kuhusu nyaya, anayezichoma ili ngozi itoke anajipa sumu na anajipunja. Ngozi ile ikiungua hutoa moshi wa sumu kali, na shaba iliyoungua hununuliwa kwa bei ya chini kuliko iliyochunwa kwa kisu. Kuchuna kunachosha, lakini kuna faida. Na wenye kusubu masufuria kwa alumini iliyochanganyika na kila kitu wajue kuwa masufuria ya namna hiyo kutoka nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo, yalipimwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionesha kuwa baadhi yake hutoa risasi katika chakula.

Serikali inajibu kwamba sheria iko. Ndiyo, iko: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za mwaka 2021 juu ya taka hatarishi na taka za vyombo vya umeme, zinazomtaka anayekusanya na anayesafirisha awe na kibali. Siyapingi masharti hayo. Ninachokipinga ni kumpima mwenye guta kwa kipimo cha mwenye kiwanda, ada, fomu na safari za ofisini, kisha akikosa kibali aitwe mhalifu. Mtu mmoja mmoja hatoweza. Watu wa uwa kumi wakiunda chama cha ushirika wataweza kuomba kibali kimoja, wakawa na mizani moja yenye chapa, na betri zao wakaziuza nzima, hazijapasuliwa, kwa kiwanda chenye idhini.

Kwa hayo naomba tawi lifanye mambo haya kabla ya mkutano ujao wa kamati. Katibu afungue daftari la wachukuzi, mafundi na wenye mizani, kila mtu na mtaa wake, bila ya kuuliza kadi ya chama. Kamati ya akina mama ipite nyumba ambazo betri zinayeyushwa uwani na kuhesabu watoto waliomo, ili tukienda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya kuomba wapimwe damu twende na idadi na si kwa manung'uniko. Na mwenye karai la risasi nyumbani kwake alitoe leo usiku, asingoje daftari.

Bwana Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.