Uhuru wa Kweli na Haki ya Mjane



Katika vikao vya ukoo husikika neno hili: “Sisi tuko huru kufuata mila zetu.” Basi tuulize: uhuru ni nini?

Falsafa ya maadili yafundisha kwamba uhuru si kufanya lolote mtu alipendalo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alieleza kuwa mwanadamu ni bwana wa matendo yake kwa akili na utashi. Ninyi mkaao kando ya Ziwa Nyasa, Liuli na Mbamba Bay, mwajua kwamba mtumbwi usio na kasia huenda popote upepo uupelekapo. Je, mtumbwi huo u huru? Vivyo hivyo mtu asukumwaye na tamaa ya mali.

Naye Immanuel Kant (1724–1804) alisisitiza kwamba mtu asitumiwe kamwe kama chombo tu. Hapo ndipo haki za binadamu zinapopata mzizi: haki ni ua unaolinda uwezo wa kila mtu wa kuchagua lililo jema.

Tutazame sasa milima ya Umatengo. Katika kilimo cha ngoro, kwa desturi wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga, wanawake huzifunika kwa udongo na kupanda. Mume akifa, mjane aliyeinamia udongo ule miaka mingi aweza kuambiwa: “Shamba ni la ukoo. Urithiwe na shemeji yako, au uondoke.” Je, huko ni kuchagua? Asiye na mahali pa kulima hawezi kusema “sitaki.”

Katiba yetu, tangu haki za binadamu zilipoingizwa mwaka 1984, yatamka kuwa watu wote ni sawa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yabatilisha mila inayomnyima mwanamke umiliki wa ardhi. Lakini sheria haiketi katika kikao cha ukoo. Anayeketi ni wewe. Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa 1963, alifundisha kwamba haki ya mmoja ni wajibu kwa wengine.

Basi, matanga yanapoanuliwa, kabla mali haijagawanywa, mmoja wenu asimame aseme: “Kwanza tumsikilize mjane.” Atakayesema hivyo mbele ya ndugu zake waliokasirika, huyo ndiye mtu huru.