Pima Mdudu kwa Mdomo wa Kifaranga
(Mazungumzo na vikundi vya ufugaji wa kuku wa kienyeji)

Leo tuzungumze juu ya mchwa, panzi na funza ambao tunawapa vifaranga. Wengi wetu tunafanya hivyo, na ni jambo zuri. Mdudu hujenga mwili kama vile maharagwe yanavyotujenga sisi, na chakula cha dukani ni ghali. Lakini kifaranga akifa, haraka tunasema ni kideri au ni baridi. Mara nyingine sababu ni mdudu asiyemfaa.

Hebu tumtazame kuku mwenye watoto. Akikamata panzi mkubwa, humdonoa na kumpigapiga chini mpaka miguu inakatika. Halafu anawaita watoto, na kila mmoja anapata kipande. Sasa, vifaranga waliotengwa na mama wakawekwa kwenye boksi lenye taa au jiko, nani atawafanyia hivyo? Ni sisi. Kazi ya mama imekuwa yetu.

KIPIMO. Kuku hana meno, humeza tu. Tumchukue kifaranga aliye mdogo kuliko wote, si yule mkubwa. Kwa juma la kwanza, mdudu asizidi urefu wa mdomo wake, na awe laini. Aliye mkubwa zaidi tumkatekate. Panzi tumwondoe miguu na mabawa, maana ile miguu ina miiba. Tukitupa funza mmoja mrefu, mmoja anamnyakua na kukimbia, wengine wote wanamfukuza, na wanyonge wanakanyagwa bila kula kitu. Tuweke pia changarawe ndogondogo, kwa sababu firigisi inasaga kwa mawe.

KUTEGA MCHWA. Chukua chungu kikuukuu au debe. Jaza mabua na mavi makavu ya ng'ombe, nyunyiza maji kidogo, kisha kipindue juu ya njia ya mchwa au tundu la kichuguu. Funika kwa gunia. Asubuhi mapema, kabla ya jua kali, kung'uta kwenye karai. Wale wenye vichwa vikubwa ni askari, na wanauma. Tuwatoe, tuwape kuku wakubwa. Vifaranga tuwape wale wadogo weupe. Na tusibomoe kichuguu, ili kesho tupate tena.

Mchwa hawawekeki. Ukiwafungia kwenye mkebe wanakosa hewa, wanakufa, wanaoza. Wapewe siku ile ile, wakiwa hai. Tuwatandaze mahali kadhaa kwenye sinia, kiasi cha kumalizwa kwa dakika chache. Wakibaki, tuwaondoe.

MDUDU AMETOKA WAPI? Hapa ndipo penye hatari kubwa. Funza wa mzoga tusiwaguse kamwe. Mzoga ukioza hufanya sumu, funza wanaibeba, na kuku akiwala shingo inalegea, mabawa yanaanguka, anakufa. Kwa hiyo kuku aliyekufa azikwe au achomwe, asitupwe kichakani. Vilevile tusiokote wadudu katika shamba lililopuliziwa dawa. Nzige walipoingia Kenya mwisho wa mwaka 2019 na kuendelea 2020, walipuliziwa dawa sehemu nyingi, na watu wakaonywa wasiwale. Onyo hilo linafaa kwa kuku pia. Mdudu anayejikokota chini mchana na hawezi kuruka, tumwache. Huenda ameshapata sumu.

Mwisho, wadudu ni nyongeza tu. Kifaranga bado anahitaji nafaka iliyosagwa, mboga za majani na maji safi. Mdudu hazuii kideri. Chanjo ni lazima.

Basi tupeane kazi. Kila mwanachama achukue daftari na kuandika: vifaranga wangapi walianguliwa, wadudu gani walipewa, wangapi walikufa na katika juma la ngapi. Baada ya miezi miwili tukutane na kulinganisha hesabu. Kuku kumi wakianguliwa na saba wakafika sokoni, hiyo ni karo ya mtoto. Wakifika wawili, tumefanya kazi ya bure.

Sasa maswali.