Kabla ya Kufomati, Bisibisi Kwanza

Msikilizaji, peleka kompyuta ya mezani kwa fundi, mwambie inajizimazima, na mara nyingi dawa utakayopewa ni moja tu: kupiga Windows upya. Inakwama? Windows. Haiwaki vizuri? Windows. Jioni faili za ofisi zimeshafutwa, hela umelipa, na kesho yake mashine inajizima vilevile, kwa sababu ubovu haukuwa kwenye programu.

Mimi nasema fundi aanze na bisibisi. Afungue ubavu wa kompyuta, amulike mazabodi kwa tochi. Karibu na prosesa kuna safu ya vikopo vidogo, kapasita, vinavyotuliza umeme unaoingia humo. Kapasita nzima ina kichwa bapa kama sarafu. Ukiona kimevimba, au ute wa kahawia umekaukia juu yake, usitafute mchawi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita mbovu ziliingia kwenye kompyuta za kampuni nyingi, na mwaka 2005 Dell ilitenga zaidi ya dola milioni 300 kushughulikia mashine zake za OptiPlex zilizopata kifaa kibovu. Hizo hazikupona kwa Windows.

Kapasita zikiwa salama, nenda kwenye pawa saplai. Umeme huu wetu wa kupanda na kushuka huichosha mapema. Azima nyingine iliyo nzima, ifunge, uwashe, uone. Ila boksi lenyewe usilifungue, maana hubaki na umeme hata likishachomolewa ukutani. Kisha RAM: chomoa vipande vyote, sugua meno yake kwa raba ya penseli, rudisha kimoja kimoja mpaka kile kikorofi kijitaje.

Lakini diski ikianza kugonga, acha majaribio yote. Nakili kwanza faili unazozihitaji, mengine baadaye.

Halafu kuna hii ya saa kurudi nyuma miaka mingi kila ukiwasha, na tovuti ya benki kugoma kufunguka kwa sababu tarehe hazilingani. Watu hushauriwa kununua kompyuta mpya kwa ajili ya kibetri cha CR2032, cha volti 3, kinachouzwa hata kwa fundi saa!

Siwalaumu mafundi peke yao. Kupiga Windows kuna bei inayojulikana mtaa mzima, lakini kupima kipuri kimoja baada ya kingine kunakula siku, na mteja akiambiwa alipie kupimwa tu, anaona anaibiwa. Basi tulipie huo upimaji, na bei tukubaliane kabla mashine haijafunguliwa. Na ukiambiwa kipuri kimebadilishwa, omba ukione kile cha zamani. Fundi aliyekibadilisha kweli atakuwa nacho hapohapo mezani.