MWALIMU WA KESHO YUKO KIBIRIZI

(Khutuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa vijana na wazazi. Tumeombwa tuipige chapa kwa faida ya wale ambao hawakuhudhuria.)



Tumetakiwa tuseme juu ya kijana anayejifunza kazi ya ualimu. Wengi wenu bilashaka mlitarajia tuwataje vijana wa hapa visiwani. Lakini sisi tumechagua kukupelekeni mbali, mpaka pwani ya Ziwa Tanganyika, mahali panapoitwa Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma. Mtu huiona nyufa ya nyumba ya jirani upesi kuliko ya kwake, na akisha kuiona huko, hurudi kwake akatazama vizuri zaidi.

Wala Kibirizi si pageni kwetu kama jina lake linavyosikika. Ujiji haiko mbali na hapo, na Ujiji ilikuwa kituo kikubwa cha njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, ambayo faida yake ikivuka bahari mpaka Unguja. Njia ile ilipitisha pembe, na ilipitisha wanaadamu waliofungwa minyororo. Hatuna haki ya kukumbuka la kwanza tukasahau la pili. Kadhalika ilipitisha lugha hii tunayosemezana. Mwaka 1914 reli ikafika Kigoma. Na hata leo dagaa wanaokaushwa hapa Unguja hununuliwa na wafanya biashara wa Kongo, nchi iliyoko ng'ambo ya ziwa lile lile.

Basi, tulifika Kibirizi. Pale ndipo zinapotoka mashua za kwenda Gombe na vijiji vya kaskazini, Mwamgongo na Kagunga. Pale ndipo wanaposhukia wavuvi alfajiri, na akina mama huwangoja na mabeseni yao. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Samaki huifuata nuru, wavu ukawazingira. Mbalamwezi ikiwaka, nuru ya taa haina kazi, na wavuvi hulala majumbani. Kwa hiyo kila mwezi ziko siku za fedha na ziko siku za kukaa bure. Mwenye nyumba Kibirizi huhesabu kwa mwezi wa mbinguni, siyo kwa kalenda ya ukutani.

Katika nyumba moja ya hapo tulimkuta binti anayesomea ualimu. Jina lake hatulitaji, maana hakututuma, wala chuo chake hatukitaji. Mama yake hukausha dagaa, baba amefariki. Tulimwomba atuonyeshe kazi yake, akatuletea daftari la maandalio ya masomo. Lilikuwamo somo la hesabu la darasa la tatu, juu ya kugawanya. Kwenye zana za kufundishia ameandika vizibo vya chupa, vijiti, na kopo la kupimia dagaa. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: wavuvi wanne wamepata makopo kumi na mawili, kila mmoja atapata mangapi? Akatueleza kwamba watoto wa pwani ile huona kila asubuhi watu wakigawana, na wengine nyumbani husema Kiha au Kibembe kabla ya Kiswahili. Kwa hiyo akaona aanze na jambo ambalo mtoto analijua kwa macho, ndipo amfundishe maneno yake. Mkufunzi amemwandikia kwa wino mwekundu: "Vizuri, lakini somo ni refu, halitaisha kwa kipindi kimoja."

Wananchi wenzetu, tazameni jambo hilo. Huyo si mtu wa kubahatisha. Huyo anaijua kazi, na anawajua watoto atakaowafundisha. Mtu kama huyo nchi ingepaswa kumshika kwa mikono miwili.

Imekuwaje basi? Chuo kinataka ada kwa tarehe. Ziwa halijui tarehe. Muhula ukifunguliwa siku za mbalamwezi, mama hana kitu. Na mwaka 2024 likaja kubwa zaidi: uvuvi katika Ziwa Tanganyika ukasimamishwa kwa miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana.

Tunasema wazi, ili asitokee mtu wa kutusingizia: sisi hatukupinga ziwa kupumzishwa. Nchi nne zinalichangia, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, na ziwa likivuliwa bila ya kiasi, wajukuu wa Kibirizi watakula mchanga. Tunalouliza ni hili tu: siku ile ziwa lilipofungwa, je, alikuwapo ye yote aliyekumbuka kwamba ndani ya ziwa lile imo ada ya mwanachuo?

Binti yule aliambiwa kwamba asiyekamilisha ada hatapangiwa skuli ya mazoezi ya kufundisha. Akakaa nyumbani. Mama akauza cherehani alichoachiwa na marehemu mumewe. Tulimwuliza kama alikitoa kwa moyo mkunjufu. Akatujibu kwamba hakupenda kukiuza, wala hatajifanya mbele yetu kuwa alipenda, ila alimwambia binti yake, "Nenda mwanangu, tutashona kwa mkono." Binti akarudi chuoni akiwa amechelewa wiki mbili, na wiki hizo hakurudishiwa na mtu.

Sasa na tulipime jambo hili kwa historia. Hapa kwetu, tarehe 23 Septemba 1964 ilitangazwa kwamba elimu ni bure. Huko Bara, Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa kusoma awe ameingia skuli. Walimu hawakutosha. Ikafanywa nini? Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa vijijini mwao, wakawa wanafundisha huku wanajifunza, kwa masomo ya posta na ya redio. Mpango ule ulikuwa na kasoro zake, na wako waliowacheka walimu wale. Lakini haukumwuliza kijana wa kijijini kwanza ana shilingi ngapi. Miaka ya baadaye ikaingia sera ya kuchangia gharama. Tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika skuli za serikali mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa kidato cha tano na cha sita. Ni jambo jema, na mwenye kustahiki shukrani ashukuriwe. Lakini tazameni lilivyobaki: mtoto anayefundishwa halipi, na anayejifunza kumfundisha analipa! Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, iliwatazama wa vyuo vya juu. Mwaka 2023 mlango ulifunguliwa kwa wa stashahada, nao kwa baadhi ya fani tu.

Wako watakaotwambia: "Mnamsomesha wa nini, na walimu waliokwisha maliza hawana kazi?" Ni kweli, wapo. Mwanzoni mwa mwaka 2025 walimu wasio na ajira waliungana wakapaza sauti, na baadhi yao walimaliza masomo tangu mwaka 2015. Lakini kipimo cha serikali yenyewe ni mwalimu mmoja kwa watoto 45 katika skuli za msingi, na ye yote aliyeingia katika madarasa yetu anajua kama kipimo hicho kinafuatwa. Basi walimu wako nje na watoto wako ndani, na baina yao pana mlango uliofungwa. Kumzuia binti wa Kibirizi asisome hakutaufungua mlango huo. Tena vijiji vile vya kaskazini huendewa kwa mashua. Mwalimu aliyezoea mjini akipelekwa huko huanza kuomba uhamisho kabla hajafungua sanduku lake. Anayekaa ni mtu wa ziwa.

Kwa hiyo tunataka mambo matatu. La kwanza, mwanachuo wa ualimu alipe ada kidogo kidogo kwa kadiri ya mapato ya kwao, na asizuiliwe mazoezi ya kufundisha kwa sababu ya deni. La pili, kila anayesomea ualimu, awe wa fani yo yote, aweze kuomba mkopo. La tatu, anayekubali kufundisha katika vijiji vya mbali apewe ahadi ya kazi kwa maandishi tangu yuko chuoni, naye atie sahihi kwamba atakaa huko miaka itakayokubaliwa. Hayo siyo maajabu, wala hayataki fedha za kutisha. Yanataka mtu akae chini aandike.

Na sisi wenyewe tusikae tukanyoosha kidole upande wa Bara. Visiwa hivi navyo vina madagaa, vina mwani, vina karafuu, na kila kimoja kina msimu wake. Mwani ukianguka bei, au karafuu zikakosa mwaka, je, ni wangapi miongoni mwa wana wetu walioshusha vitabu? Hatujui, kwa kuwa hatujahesabu. Hapa kwetu mtu akisha kufundisha huitwa Maalim mpaka kaburini. Jina tunalitoa kwa wingi. Msaada tunautoa kwa kijiko.

Tunaomba basi kila tawi, kabla ya mkutano ujao, lipite nyumba kwa nyumba liandike idadi ya vijana waliokuwa wakisomea ualimu wakaacha, na sababu ya kila mmoja. Majina yabaki siri ya tawi. Hesabu iletwe hapa. Atakayeona haya kuuliza akumbuke yule mama wa Kibirizi, ambaye hakuona haya kutujibu.