Binti tunayemfundisha kunyamaza

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Juma hili tuutazame msemo huo kwa upande wa watoto wetu wa kike.

Binti akirudi shule huvua sare, akachota maji, akaosha vyombo, akabandika sufuria. Kaka yake hutupa begi na kukimbilia uwanjani. Usiku binti hufungua daftari huku anasinzia. Matokeo yakiwa mabaya, tunasema hana akili, naye anaamini. Akiuliza kwa nini, anaambiwa ana mdomo. Kaka yake akiuliza, anasifiwa kuwa mwerevu.

Kwa miaka 18 tunamfundisha kwamba adabu ni kunyamaza. Kisha tunategemea aweze kumwambia bosi anayemtaka kimapenzi kwamba hataki. Sauti hiyo ataipata wapi? Wengi huishia kulia peke yao, wakidhani kosa ni lao.

Wapo wanaodai kuwa binti anayejua haki zake amepotoshwa na mambo ya kigeni. Jamani, Bibi Titi Mohamed, aliyeongoza akina mama wa TANU tangu 1955, alikuwa mwimbaji kiongozi katika ngoma za Dar es Salaam kabla ya kupanda jukwaa la siasa. Ngoma zetu wenyewe zilimzoesha kusimama mbele ya watu. Na Katibu Mkuu wa mkutano wa wanawake wa Beijing mwaka 1995 alikuwa Mama Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe, aliyeondoka kisiwani akiwa msichana kwenda kusoma kwa masista Morogoro. Mwaka 2004 alikuwa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Je, Ukerewe ilikuwa na mabinti wangapi wenye kipaji kama chake, ambao hawakupata nafasi hiyo?

Novemba 2021 Serikali yetu ilitangaza kuwa wasichana waliokatishwa masomo kwa kupata ujauzito wanaweza kurudi shuleni. Ni hatua njema. Lakini binti huyo akizomewa darasani na kusimangwa nyumbani, mlango uliofunguliwa na Serikali tunaufunga sisi wenyewe.

Wazazi, gaweni kazi za nyumbani sawa kwa sawa. Ufagio hauchagui mkono. Walimu, mwulizeni na msichana aliyekaa nyuma, kisha msubirini ajibu. Na binti akisema hapana, tusikimbilie kumwita mkaidi. Tumsikilize kwanza.

Ni kweli, samaki hukunjwa angali mbichi. Lakini tukimkunja binti mpaka akavunjika, tusije baadaye kumlaumu kwamba hawezi kusimama.