Mguu Usiouma: Kuishi na Kisukari na Kuzuia Madhara Yake katika Kata ya Bagara, Babati

Kisukari ni hali ya sukari kuzidi katika damu, ama kwa sababu kongosho halitengenezi insulini, yaani homoni inayoiwezesha sukari kuingia katika seli, ama kwa sababu insulini iliyopo haifanyi kazi ipasavyo. Mgonjwa wa aina ya kwanza hawezi kuishi bila sindano za insulini. Aina ya pili, ambayo ndiyo ya walio wengi, hunyemelea polepole na mara nyingi hugunduliwa madhara yakiwa yameshaanza. Utafiti wa vijijini Tanzania uliochapishwa mwaka 1989 uliukuta ugonjwa huu kwa chini ya mtu mzima mmoja katika kila 100, ilhali uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionesha takribani watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Tafiti hizo hazikupima watu wa mazingira yaleyale, kwa hiyo hazilinganishiki moja kwa moja. Hata hivyo mwelekeo hauna ubishi, na mji kama Babati, ambako bodaboda imechukua nafasi ya mwendo wa miguu na soda ndiyo heshima ya mgeni, hauwezi kujiweka kando.

Sukari iliyozidi kwa miaka mingi huharibu figo, macho, moyo na mishipa ya fahamu. Mada hii inajikita katika miguu, kwa kuwa hapo ndipo mgonjwa mwenyewe anaweza kujilinda kwa gharama ndogo. Mishipa ya fahamu ya nyayo ikishaharibika, huja ganzi, na mwenye ganzi hukanyaga mwiba shambani, hubanwa na kiatu au huungua anapoota moto katika baridi ya Juni na Julai, asihisi lolote. Watafiti wa Dar es Salaam wameripoti hata wagonjwa walioumwa na panya miguuni. Jamii imezoea kuyachukulia maumivu kuwa ndiyo kipimo cha ugonjwa, hivyo kidonda kisichouma hupuuzwa au hupakwa dawa za kienyeji, mpaka vijidudu vinapofika kwenye mfupa na mguu ukalazimika kukatwa. Ni kwa sababu hiyo Dkt. Zulfiqarali Abbas, mmoja wa watafiti hao, na wenzake waliendesha mradi wa kuwafundisha madaktari na wauguzi wa mikoani utunzaji wa miguu ya wenye kisukari, kazi ambayo inastahili kufika hadi zahanati.

Nyumbani, miguu ioshwe na kukaguliwa kila jioni, pamoja na katikati ya vidole, na asiyeona vizuri aangaliwe na mjukuu. Kiatu kitiwe mkono kabla ya kuvaliwa, kwa kuwa changarawe moja hutosha kuleta kidonda. Kucha zikatwe kwa kunyooka, na sugu zisichongwe kwa wembe. Kutembea pekupeku, hata ndani ya nyumba, kuachwe.

Kuhusu chakula, inashangaza kuwa Babati huvuna mbaazi nyingi, kisha magunia huuzwa na sahani ya nyumbani ikabaki na mlima wa ugali wa sembe. Dona kwa kiasi, mbaazi na mboga za majani humfaa mgonjwa zaidi. Asali nayo hupandisha sukari, ingawa wengi huiona kuwa dawa. Soda ina nafasi moja tu ya haki: mgonjwa anayetumia dawa akianza kutetemeka na kutokwa jasho jingi, sukari yake huenda imeshuka, naye apewe upesi maadamu anaweza kumeza.

Wahudumu wa afya wanaombwa kumvua viatu kila mgonjwa wa kisukari anapofika kliniki, wasimwulize tu kama anaumwa. Atakayekutwa na kidonda unyayoni, hata kama anatembea vizuri na hasikii maumivu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.