Unataka Udaktari wa Fasihi ya Kiitaliano? Soma Tangazo Kwanza

Msikilizaji, una shahada ya uzamili na unataka kumtafiti Dante au Boccaccio hukohuko Italia? Soma tangazo kwanza. Kila chuo kikuu, iwe Bologna au Pisa, hutoa tangazo lake la ushindani wa nafasi za udaktari. Humo mna siku ya mwisho, vyeti vinavyotakiwa, na idadi ya nafasi. Sikiliza vizuri hapa: nafasi nyingine hazina ufadhili, na kodi ya chumba haingoji. Basi soma tangazo, lote.

Andiko la utafiti ndilo litakalokubeba. Uliza swali moja lililo wazi. Usijaze kurasa kwa sifa za Dante; wasahihishaji wanazijua. Anza kutafsirisha vyeti mapema, ujiandae kwa usaili. Leo hii fungua tovuti ya chuo unachokitaka, utafute ukurasa wa dottorato, yaani udaktari.